Chini ya Mstari

Kujua kusoma kuliwachukua watoto wale miaka miwili. Kujifunza kutojua kuliwachukua asubuhi moja, tena kwa kicheko.

"Nani atanionyesha namna ya kukwama?" Mwalimu Silabi aliuliza, na mikono ikainuka mingi kuliko alivyowahi kuiona siku yoyote ya kusoma. Kijana mmoja mwenye pengo la meno ya mbele alisimama ubaoni, akalikazia macho neno "dirisha", akakuna kisogo, akasema, "Di... di... dudu." Darasa zima likaangua kicheko. Msichana aliyemfuata akanyamaza kimya, akamtazama mwalimu usoni badala ya kutazama maandishi, na hapo mwalimu mwenyewe akashtuka, maana hivyo ndivyo afanyavyo mtoto asiyejua kweli. Walikuwa mafundi. Ujinga walikuwa wamewahi kukaa nao nyumba moja na walikumbuka tabia zake zote.

Mwalimu alicheka pamoja nao, kicheko cha mtu aliyepaliwa. Mtoto mmoja tu hakucheka. Alikaa karibu na ukuta, mikono katikati ya magoti, akiutazama ubao kwa huzuni ya mtu anayeona chakula kikimwagwa. Huyo ndiye waliyemwita Redio.

Jina la Mwalimu Silabi alikuwa amepewa na wanafunzi, kwa sababu hakuliachia neno lolote mpaka limekatwa vipande, likatafunwa na kumezwa. Chumba chake kilikuwa stoo ya madawati mabovu kabla ya kuwa Chumba cha Kusoma. Sasa kilikuwa na mikeka sakafuni, rafu ya vitabu vyembamba vyenye kona zilizoliwa na vidole, na kona moja alipokaa msaidizi wake, binti mpole aliyewachukua watoto wazito mmoja mmoja na kuwasikiliza bila kutazama saa. Saa nne kila mtoto alipata kikombe cha uji. Vyote hivyo, vitabu, uji na mshahara wa msaidizi, vilitoka katika kile kilichoitwa fungu la nyongeza, fedha ambazo serikali huzipa shule ambazo watoto wake wanatoka katika nyumba zisizo na kitu na wamebaki nyuma katika kusoma. Kulikuwa na mstari uliochorwa na watu wa makao makuu. Shule iliyo chini ya mstari ilipewa fungu. Shule iliyopanda juu yake ilipongezwa.

Wiki moja kabla ya asubuhi ile ya kicheko, mkuu wa shule alikuwa amemwita ofisini.

"Tumefaulu," alisema, kwa sauti ya mtu anayetoa taarifa ya msiba. Hakuwa mtu mbaya, mkuu yule. Mvua ikivuja alipanda darini mwenyewe na suruali yake ya kazi. "Mpimaji anakuja wiki ijayo. Akiwakuta watoto wako wanavyosoma sasa, tunapanda juu ya mstari. Tukipanda, fungu linahamia shule nyingine."

"Si ndiyo kazi tuliyopewa?"

"Ndiyo hiyo. Na tukiimaliza, chumba kinarudi kuwa stoo, na yule binti wako anarudi kwao."

"Na wale wadogo wa darasa la pili? Wale hawajui hata irabu."

"Wale hawapimwi. Wanapimwa wakubwa tu, darasa la nne kwenda juu. Wakubwa wakisoma, shule imepona. Na aliyepona hapewi dawa, mwalimu, unajua hivyo."

"Kwa hiyo unataka niwafundishe ujinga."

"Nataka wawe wazito kidogo. Siku moja tu. Wasome kama walivyokuwa wakisoma walipoingia kwako."

Mwalimu Silabi aliinuka akatoka bila kuaga. Hasira ilimpeleka mpaka katikati ya uwanja, ikamwacha hapo. Alipita dirishani kwa darasa la pili. Watoto walikuwa wamebanana sakafuni, mmoja akimwegemea mwenzake, mwalimu wao akiwa mbali huko mbele kama mtu aliye ng'ambo ya mto. Karibu na dirisha alikaa mdogo wake Redio, mtoto wa kiume mwenye kifua kibovu kinachokoroma hata akiwa macho. Alikuwa akiuimba ukurasa mzima kwa kichwa, bila kukosea neno, kidole chake kikitembea juu ya picha ya mbuzi. Hakuwa anasoma hata herufi moja, na katika msongamano ule hakuna ambaye angegundua, si mwaka huu wala ujao.

Mwalimu alilala na jambo lile na kuamka nalo. Wanaojua wajifanye hawajui, ili wasiojua wapate kujua. Kila alipolipiga hesabu lilitoka sawa, na kila lilipotoka sawa lilimtia kichefuchefu. Mwisho alimwendea mkuu akamwambia, "Nitafanya, lakini usinishukuru." Mkuu hakumshukuru.

Redio alipoingia katika chumba kile hakuwa akiitwa Redio. Aliitwa Bubu. Walimu watatu walikuwa wamemkatia tamaa, mmoja wao akisema waziwazi kwamba mti ule hauchongeki mwiko. Mama yake alikuwa muuza mkaa sokoni, mjane, na mtoto alikuja shuleni na vipande vya mkaa mifukoni. Mwalimu Silabi alivitumia hivyohivyo. Waliketi chini wakichora herufi sakafuni, muhula mzima, mwalimu akisema na mtoto akinyamaza, mpaka siku moja mtoto akaweka kidole juu ya neno na kulitamka, lote, kwa sauti nene iliyowashangaza wote wawili. Mlango ule ulipofunguka haukufungika tena. Alisoma mabango, migongo ya fulana, onyo lililobandikwa kwenye nguzo za umeme. Alimsomea kwa sauti kubwa bwana mmoja mtu mzima maneno "Ni marufuku kukojoa hapa", bwana akiwa katikati ya shughuli yenyewe. Ndipo akapewa jina jipya, na mama yake akalipenda kuliko alilompa mwenyewe.

Mama yule hakuwahi kukanyaga darasani. Akiwa anampimia mtu mkaa, mteja asipouliza angesimuliwa, na akiuliza angesimuliwa mara mbili. "Mwanangu anasoma hata yale madogo ya chini kabisa, yale wanayoandika ili tusiyaone." Redio alimsomea ujumbe wa simu kutoka kwa mletaji wa mkaa, ule wa bei na ule wa vitisho. Alimsomea maelezo ya chupa za dawa za kifua za mdogo wake. Kwa mara ya kwanza katika maisha yake mama yule hakuwa na haja ya kumwomba mtu baki amfunulie mambo yake, na shukrani zake kwa Mwalimu Silabi zilikuwa nzito hata mwalimu akawa anakwepa kupita upande ule wa soko kwa haya.

Basi asubuhi ile ya mchezo, watoto walipokwisha kuchoka kucheka, Redio ndiye aliyenyoosha mkono.

"Mwalimu, na nyumbani?"

"Nyumbani kuna nini?"

"Nyumbani pia hatujui?"

Wenzake wakamcheka. Mwalimu alifuta ubao, akapata nafasi ya kuwapa mgongo. "Nyumbani msiseme lolote kuhusu mchezo huu. Ni siri yetu, ya chumba hiki. Ikitoka, chumba kinafungwa, na wadogo zenu hawatakuwa na pa kujifunzia. Mmenielewa?"

"Ndiyo, mwalimu," wakaitikia. Redio aliitikia baada ya wote, kwa kuwa alikuwa mtoto wa kulipokea neno, kulitazama, ndipo aliweke.

Mpimaji alikuwa dada wa makamo, mwenye sauti ya taratibu na kadi za kusomea zilizofungwa kwa mpira. Aliwasalimu watoto kwa heshima, akawauliza kama wamekula. Ilikuwa desturi ya upimaji kwamba kila mtoto aruhusiwe kuja na mzazi mmoja, akae nyuma ya chumba na asiseme neno. Mkuu alikuwa amesema hawaji, hawajawahi kuja, watu wana kazi zao. Na kweli walikuja wachache tu, wakakaa kwenye benchi karibu na mlango.

Mama yake Redio alikuwa miongoni mwao. Alikuwa amemwachia jirani mkaa wake, akavaa nguo ya kutokea, akajisugua mikono mpaka ikawa myekundu, ingawa weusi wa kucha ulikuwa umegoma. Mwalimu Silabi alimwona wakati Redio ameshaitwa mbele. Alitafuta namna ya kumpa mtoto ishara, ya kwamba asome, mambo mengine yote yaende yatakakokwenda, lakini Redio hakugeuka. Alikuwa ameshapewa kadi.

Mwalimu aliyaona macho ya mtoto yakikimbia juu ya kadi ile mpaka mwisho wake, kwa mkupuo mmoja. Alikuwa ameshaisoma yote. Kisha akayarudisha macho mwanzo, akayaweka pale kwa nguvu, akaanza kulivunja neno la kwanza vipande ambavyo havikuungana.

"Usiogope, mwanangu," mpimaji akasema. "Jaribu hili hapa."

Redio akajaribu hili hapa, akakwama. Huko nyuma mama yake alikuwa ameinama mbele, midomo yake ikicheza, kama mtu anayesukuma gari lililokwama matopeni. Redio akatamka neno ambalo halikuwa kwenye kadi, akalisahihisha kwa jingine ambalo pia halikuwepo, akanyamaza. Alifanya vizuri kuliko wote. Wenzake walikuwa wameigiza ujinga, yeye aliurudia wa kwake, ule wa siku za Bubu, pamoja na mabega yake yaliyoinama.

"Basi, ahsante. Umejitahidi," mpimaji akasema, akaandika.

Walipotoka barazani, mama alimngoja Mwalimu Silabi kwenye nguzo. Mkuu na mpimaji walikuwa wamesimama hatua chache kutoka hapo, mpimaji akipanga kadi zake.

"Mwalimu, nina neno moja, nakuomba usinifiche. Huyu anajua kusoma au hajui?"

"Mama, tungekaa siku nyingine tukazungumza..."

"Siku nyingine siwezi kungoja. Mdogo wake alipozidiwa na kifua, huyu ndiye aliyenisomea kwenye chupa. Aliniambia kijiko kimoja kikubwa asubuhi na jioni, nami nikampa. Sasa niambie, alikuwa anasoma, au alikuwa anakisia?"

Mpimaji alikuwa ameinua kichwa. Mkuu alikuwa akitazama viatu vyake. Redio alikuwa ameshikilia nguzo kwa mikono miwili, akiutazama mdomo wa mwalimu wake, kama alivyofundishwa kuutazama zamani wakati wa kujifunza sauti za herufi.

"Bado anajifunza, mama," Mwalimu Silabi akasema.

"Bado anajifunza." Mama aliyarudia maneno yale polepole. Hakufoka, wala hakumpiga mtoto, na ingekuwa nafuu angefanya kimojawapo. "Kumbe nilimnywesha mwanangu dawa kwa kubahatisha. Na angekufa?" Hakungoja jibu. Alimshika Redio mkono, wakatembea kidogo, kisha akauachia, akatangulia peke yake.

Fungu liliongezwa kwa mwaka mwingine. Mkuu alileta habari mwenyewe mpaka mlangoni mwa Chumba cha Kusoma, akasimama hapo akitaka kusema zaidi, akaondoka. Msaidizi alilia kwa furaha na kuomba radhi kwa kulia. Vitabu vipya vilikuja vikinuka gundi. Watoto wa darasa la pili waliingizwa kwa zamu, wakatandazwa mikekani, na baada ya muda si mrefu mdogo wake Redio akaacha kuimba. Alikuwa anasita, anarudi nyuma, anakasirika, na mwalimu aliyejua kazi yake angetambua kwamba mtoto ameanza kusoma. Mwalimu Silabi aliitambua furaha hiyo ikimjia na akaionea aibu.

Redio hakuacha shule wala hakukosa adabu. Akiulizwa alijibu, asipoulizwa alinyamaza. Sokoni, wateja waliosimuliwa sifa zake sasa walisimuliwa aibu yake, maana mama yule hakujua kubakiza habari. Simu yake alikuwa akimpelekea mwenye duka la pembeni, mtu aliyependa kusoma ujumbe wa watu kwa sauti ya mahubiri, na soko zima likajua anadaiwa na nani na ametishiwa nini. Vijana wa kubeba mizigo walimpa mtoto jina la tatu, Redio Mbovu. Mwalimu Silabi alilisikia alipokwenda kununua nyanya. Aliziacha nyanya kwenye mizani akaondoka.

Alikwenda nyumbani kwa kina Redio alasiri ya siku hiyohiyo. Walikaa katika chumba kimoja kilichogawanywa kwa pazia, kuta zake zikiwa zimebandikwa magazeti ya zamani ili kuzuia vumbi la matofali. Mama alifuta kiti kwa upindo wa nguo yake, akamkaribisha, akaagiza maji. Redio alikuwa nje akiosha sufuria.

Mwalimu hakuzunguka. "Mama, mtoto wako anasoma. Anasoma kuliko wote nilionao. Siku ile mimi ndiye niliyemwambia ajifanye hajui. Na ulipouliza pale barazani, nilikudanganya. Mtoto hana kosa, kosa ni langu."

"Mwalimu amwambie mtoto ajifanye hajui? Kwa nini?"

Basi mwalimu akaanza kueleza. Akaeleza habari za fungu na mstari, kwamba shule inayofundisha vizuri hunyang'anywa kile kilichoiwezesha kufundisha, kwamba wanaopimwa si wale wanaohitaji, kwamba watu wa makao makuu hawana ubaya, wana mstari tu. Kadiri alivyoendelea ndivyo alivyojisikia akisema uongo. Kila neno lilikuwa kweli na yote kwa pamoja hayakuaminika, hata na yeye aliyekuwemo. Mama alikuwa akiitikia kwa kichwa, kwa huruma, kama mtu anayemsikiliza mgonjwa wa homa.

"Redio," akaita. "Hebu njoo umsomee mwalimu wako hapa." Akaweka kidole chake cheusi juu ya gazeti la ukutani, mahali popote tu.

Redio aliingia akikausha mikono. Alisimama mbele ya ukuta. Mwalimu Silabi aliyaona macho yake yakishuka na safu ile ya maandishi kwa mkupuo mmoja mpaka chini, na moyo ukamruka kwa shukrani. Kisha mtoto akayapandisha tena juu, akayatuliza, akaanza kuvunjavunja. Alikwama kwenye neno la pili. Akakwama tena.

"Msomee mama yako, Redio," mwalimu akasema. "Mimi nakuambia usome. Soma kama unavyojua."

Redio akatamka neno ambalo halikuwepo.

"Basi, mwanangu, usijisumbue," mama akasema, na sauti yake haikuwa na hasira tena, ilikuwa laini, na ulaini huo ulimchoma mwalimu kuliko yote. Alimgeukia mgeni wake. "Mwalimu, Mungu akulipe. Nimeona ulichokuja kukifanya. Kuna walimu wangapi wa kujitia uongo wenyewe ili mtoto wa mwenzao apate heshima kwa mama yake? Kila mtoto na fungu lake. Huyu ataniuzia mkaa, na mkaa hauna maandishi. Kunywa maji."

Mwalimu Silabi alikunywa maji.

Redio alitumwa kumsindikiza. Walitembea mpaka nyumba za jirani zikawa nyuma yao.

"Kwa nini umefanya vile?" mwalimu akauliza. "Nilikuja kukuondolea aibu."

"Ulisema ikitoka, chumba kinafungwa."

"Yule ni mama yako, mtoto wangu. Nilikuwa nimekuruhusu."

"Mama hawezi siri, mwalimu." Alisema bila ubaya, kama mtu anayetaja urefu wa mtu. "Ningesoma leo, kesho angewaambia wateja wote. Na wale wangesema, mpaka yule mwenye kadi angesikia. Na mdogo wangu ndiyo kwanza anaanza kuunga herufi."

Mwalimu alikuwa amemfundisha mtoto huyu kila alichokijua, na hiki pia alikuwa amemfundisha yeye.

"Yule mwenye kadi atarudi?" Redio akauliza.

"Huja kila mwaka."

Mtoto aliliweka jibu lile mahali fulani, akalitazama. "Basi mimi nitaruhusiwa kujua mwaka gani?"

Alikuwa amesimama, ameinua uso, anangoja. Alitaka mwaka tu, ili ajue.

"Tutaona, Redio," Mwalimu Silabi akasema, na akaisikia sauti yake ikiwa sawasawa na ya mkuu wa shule.

"Haya, mwalimu," Redio akajibu, akageuka kurudi kwao, kwenye sufuria alizoziacha.